Kidole cha Sitini na Nne

Jina lake halisi limeandikwa kwenye faili lake, na faili hilo liko kwenye kabati ninalolitunza mimi, lakini kwa miaka tisa aliyofanya kazi nasi sikumbuki kumsikia mtu akilitaja. Bohari nzima tunamwita Masharti.

Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza. Ilikuwa imeletwa mashine mpya ya kuchapisha, akaambiwa aiunganishe na kompyuta za ofisi. Kwenye kioo yakatokea yale maandishi marefu ambayo mwisho wake kuna kisanduku cha kubonyeza "Nakubali". Sote tumeshakibonyeza kisanduku hicho mara nyingi bila kujua tumekubali nini. Yeye alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kusoma. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Saa nne wahasibu walikuja na karatasi zao, wakamkuta ukurasa wa kumi na mbili. Saa tano foleni ilifika mlangoni. Dereva wa lori, aliyehitaji hati moja tu ya kupeleka glavu hospitali, akamwuliza, "Kaka, hiyo ni mashine ya kuchapisha au ni mkataba wa ndoa?"

"Ungekuwa wa ndoa ningesoma haraka zaidi," Masharti alijibu bila kuinua macho. "Mke hatumi kwa watu nisiowajua nakala ya kila ninachoandika. Hii imesema itatuma. Kifungu cha ishirini na saba."

Saa sita na nusu alimaliza. Akatafuta mahali pa kukizima kifungu hicho, akakizima, ndipo akabonyeza. Dereva alikuwa ameshaiandika hati yake kwa mkono na kuondoka.

Kazi ya Masharti ni kuandika programu za kompyuta. Bohari yetu hutunza vifaa vya hospitali: glavu, sindano, chupa za maji ya mshipa, pamba, na chumba cha baridi cha chanjo. Kabla yake, kujua kama tuna sindano za kutosha ilimlazimu mtu apande ngazi na kuhesabu makasha. Yeye aliandika programu ambayo mpaka leo inafanya kazi bila kelele, yenye maandishi ya kijani kwenye kioo cheusi, bila picha hata moja. Wageni wakiiona hudhani kompyuta imeharibika.

Maoni yake kuhusu mambo hayo hayana uhaba. Unaweza kuyapata ukiwa umeenda kuomba kibanio cha karatasi tu. Nilimwuliza siku moja kwa nini ile tochi niliyoiweka kwenye simu yangu inaomba ruhusa ya kuona majina ya watu wote ninaowajua. Aliweka kikombe chini.

"Tochi?" aliuliza. "Inataka majina ya ndugu zako? Ya nini, Karani? Inakwenda kuwamulika mmoja mmoja?"

"Nimeshabonyeza kukubali."

"Basi shangazi yako ameshauzwa," alisema, akaendelea na chai yake.

Kuhusu programu ambazo mnunuzi haruhusiwi kuzifungua aone zinavyofanya kazi, husema ni kama kuuziwa sufuria iliyochomelewa mfuniko, kisha ukaambiwa uamini mle ndani kuna wali. Kamera ya kompyuta yake ameibandika plasta ya kidonda. Plasta hiyo aliinunua dukani kwa pesa yake na risiti ameniletea niitunze, kwa sababu plasta za bohari, alisema, ni za wagonjwa. Simu yake ni ya vitufe, na betri yake hukaa siku sita.

Nyumbani kwake huwa nafika kwa sababu mkewe ni fundi cherehani na ndiye anayenishonea. Wana watoto pacha wa miaka mitatu. Siku moja nikipimwa mabega, mkewe alinieleza shida yake, sindano zikiwa mdomoni.

"Mafundi wenzangu wanawatumia wateja picha za mishono kwenye simu. Mimi nina mume. Mama mkwe anaomba picha za hawa watoto, Baba Pacha anaenda kuzisafisha studio, anazitia kwenye bahasha, anapanda basi kuzipeleka. Zikifika, watoto wameshakua. Bibi yao anawafahamu watoto ambao hawapo tena."

Masharti alikuwa mezani akitengeneza pasi. "Sura ni zao, Mama Pacha. Wakikua watachagua wenyewe waziweke wapi."

"Wana miaka mitatu. Mpaka sasa wanachochagua ni kula chaki yangu."

"Ndiyo maana nasema wasubiri."

Mwaka jana mwezi wa tano ndipo mashine ya kidole ilipoletwa. Makao makuu waliamua kwamba mahudhurio hayataandikwa tena kwenye daftari. Kilifungwa ukutani, karibu na mlango, kisanduku cheusi chenye kioo kidogo chekundu. Unaweka kidole, kinakusoma, halafu sauti ya mwanamke mwenye mafua inasema, "Asante." Kisipokusoma inasema, "Jaribu tena." Usiposomwa, siku hiyo hukuja kazini. Orodha inaondoka yenyewe kwenda makao makuu kila jioni, kupitia programu ndogo ambayo Masharti aliamriwa aiandike. Aliiandika vizuri. Ila alipoambiwa aweke kidole chake mwenyewe, alitia mikono mfukoni.

"Neno la siri likiibwa nabadilisha," alimwambia Meneja mbele yetu. "Kidole kikiibwa nitabadilisha na nini? Nitaota kingine?"

"Nani aibe kidole chako?" Meneja aliuliza. "Kina nini?"

"Kina mimi."

Meneja wetu si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa simu ya mezani. Kila mwisho wa mwezi makao makuu walimpigia na kumwuliza kwa nini wafanyakazi walioandikishwa vidole ni sitini na tatu wakati bohari ina watu sitini na nne. Akirudi kutoka kwenye simu hiyo alikuwa akitembea kama aliyebanwa na viatu. Mwishowe alimwandikia Masharti kwamba mkataba wake unaisha mwezi wa nane na hautaandikwa upya bila kidole. Masharti alinitumia nakala niitie kwenye faili, akaleta na sanduku tupu la sindano, akaanza kupanga vitabu vyake ndani. Wakati huo aliendelea kutia saini kwenye daftari la zamani, akiwa peke yake. Nilimwachia ukurasa.

Hapo ndipo ilipoingia habari ya Mama Deki.

Mama Deki ndiye anayesafisha bohari, tangu miaka ishirini na sita iliyopita. Ndiye wa kwanza kufika, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa sababu chumba cha baridi lazima kisuguliwe kwa klorini kabla makasha hayajaanza kutoka. Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Siku ya kuandikisha vidole alijaribu mara kumi na mbili, ya kumi na tatu mashine ikamkubali, sote tukapiga makofi. Wiki za mwanzo iliendelea kumkubali kwa kubahatisha, kisha haikumkubali tena. Klorini ya miaka ishirini na sita ilikuwa imefuta kila mstari, vidole vyake vyote kumi vimebaki laini kama kigae. Kila alfajiri, peke yake kwenye korido, alibishana na ukuta.

"Jaribu tena."

"Nimejaribu, mwanangu."

"Jaribu tena."

"Mimi ndiye niliyekufuta vumbi jana, hunikumbuki?"

Hakumwambia mtu. Alidhani hiyo ndiyo namna ya mashine ya kumsalimu mtu mzima.

Tulijua siku barua ilipofika. Mashine ilikuwa imehesabu kwamba hakuonekana kazini siku kumi na tisa. Makao makuu walimpa siku saba ajieleze, la sivyo atahesabiwa kuwa ameacha kazi mwenyewe, na mtu aliyeacha kazi mwenyewe hana kiinua mgongo. Meneja alimkabidhi barua hiyo ya utoro ofisini kwake, wakati Mama Deki akipiga deki chini ya meza yake. Aliinua miguu ili apite na tambara, akampa.

"Mimi ninakuona, mama," Meneja alimwambia, miguu ikiwa bado juu. "Nakuona kabisa. Tatizo ni kwamba mfumo haukuoni."

"Na huo mfumo unadhani sakafu inajiosha?"

Siku mbili za mwanzo kila mtu alikuwa daktari. Mhasibu alileta mafuta ya nazi. Mlinzi alisema apumulie kidole kwanza. Mwingine akasema aloweke mikono kwenye maji ya moto, mwingine ya barafu, akaloweka yote mawili. "Jaribu tena." Dereva ndiye aliyekuja na wazo la kidole cha mguu, kwamba huko klorini haikufika kwa sababu ya buti. Mama Deki hakuona kichekesho chochote. Alivua buti. Lakini mashine iko ukutani usawa wa kifua, kwa hiyo mlinzi akamshika kwapa la kulia, dereva la kushoto, mhasibu akashika kisigino, na wakamwinua mama wa miaka hamsini na tisa mpaka dole gumba likagusa kioo. Meneja akatoka ofisini wakati huo huo akiwa na mkaguzi wa jokofu.

"Tunampandisha cheo," alisema dereva.

Walimshusha. Mashine ikasema, "Jaribu tena."

Siku ya tatu nilikwenda kwa Masharti. Alikuwa amefika nusu ya sanduku lake. Nilifunga mlango, jambo ambalo sina kawaida nalo.

"Ile programu inayopeleka orodha uliiandika wewe," nilimwambia. "Huwezi kuingia ukamwandika kwamba yupo?"

"Naweza. Dakika mbili."

"Basi?"

"Sifanyi."

Nilidhani anatania. Alivua miwani na nikaona hatanii.

"Karani, nikiweza kumwandika Mama Deki yupo bila mtu kujua, kesho naweza kumwandika Meneja hayupo. Na atakayekaa kiti hiki baada yangu ataweza pia, na huyo humjui. Miaka yote nawaambia watu kwamba rekodi inayoweza kubadilishwa kimyakimya si rekodi. Sasa nianze mimi?"

"Kwa hiyo mama wa watu aondoke mikono mitupu ili kompyuta yako ibaki safi?"

Mlango ulifunguliwa, na Mama Deki mwenyewe akaingia na ndoo. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Alianza kusugua bila kututazama.

"Mimi sina maneno," alisema. "Nashangaa tu. Kuna mtu anaombwa kidole miezi mitatu sasa, anaringa nacho kama bi harusi. Mimi nimevitoa vyote kumi, na cha mguu juu, hakuna anayevitaka. Inua miguu, baba."

Masharti aliinua miguu. Alibaki ameiinua hata baada ya yeye kutoka.

Siku ya nne na ya tano hakupanga vitabu. Siku ya sita alikuja kwangu akauliza kama kuna mahali popote, mbali na mashine, panapoonyesha saa ambayo Mama Deki huingia. Nilimwambia ufunguo wa chumba cha baridi hutolewa na mlinzi, na kila anayeuchukua hutia saini kwenye daftari la funguo. Tulikwenda kibandani kwa mlinzi tukalifungua. Zilikuwepo siku zote kumi na tisa, saini ileile inayopanda kama ngazi, saa kumi na moja na nusu, saa kumi na moja na dakika ishirini na tano, saa kumi na moja na nusu. Siku moja mlinzi alikuwa amekosea tarehe, akapitisha mstari mmoja juu yake, akaandika iliyo sahihi pembeni na kutia saini. Masharti aliuangalia ukurasa huo muda mrefu.

"Nani alikufundisha kusahihisha hivi?" alimwuliza.

"Hakuna," mlinzi alisema, akijitetea. "Ningefuta, wangesema naficha kitu."

"Kuna makampuni makubwa hayajafika hapa," alisema Masharti, na mlinzi mpaka leo anadhani alikuwa anamsema.

Siku ya saba asubuhi tuliingia kwa Meneja watu watatu: Masharti, Mama Deki na mimi, niliyeitwa kuandika kumbukumbu. Nina nakala yake, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa ndiyo yaliyosemwa.

Masharti aliweka daftari la funguo mezani. Alisema anaomba mawili. Daftari la mahudhurio lirudi kwa yeyote ambaye mashine haimsomi, na siku kumi na tisa za Mama Deki zisahihishwe waziwazi: neno "hayupo" lisifutwe, lipitishwe mstari mmoja, sababu iandikwe pembeni, na sahihi ya Meneja iwe chini yake.

Meneja alipangusa jasho. "Wewe unaniona mimi nina ubavu wa kuwapigia makao makuu na kuwaambia mashine yao ni mbovu?"

"Makao makuu wanataka nini hasa?"

"Wanataka sitini na nne! Kila mwezi wimbo ni huo huo. Sitini na nne, sitini na nne."

"Nikikupa wa sitini na nne?"

Kumbukumbu zangu hapa zinaonyesha kwamba Meneja alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Unasema kweli?"

"Kimoja," alisema Masharti. "Kidogo. Cha kushoto."

"Mashine inataka viwili. Kimoja kikipata jeraha..."

"Kimoja. Na iandikwe kwamba siku nitakayoondoka kitafutwa mbele ya mashahidi wawili."

"Tutafutaje kidole?"

"Kuna kitufe. Nitawaonyesha."

"Gumba basi, angalau. Kidogo wataona kama unanidharau."

"Kidogo, au naenda kumalizia sanduku langu."

Mama Deki aliyekuwa amesimama mlangoni na fagio alisema, "Mchukulie hicho hicho, Meneja. Akifikiri zaidi atakupa ukucha."

Meneja alinyanyua simu. Sijawahi kumwona akiinyanyua mwenyewe kabla haijalia. "Mkuu! Sitini na nne!" alipaza sauti. "Ndiyo, Mkuu, wote! Leo hii! Ndiyo... ahsante sana... kuna na mama mmoja vidole vimefutika kwa kazi, huyo tutamsahihishia na kumwekea daftari... ndiyo, Mkuu, sitini na nne kamili!" Akaweka simu. "Wamekubali," alisema, akionekana kushangaa kuliko sisi. Nadhani huko walisikia tarakimu tu. Hata hivyo nilimwomba aandike barua kueleza yote mawili, akaandika, wakajibu kwa muhuri.

Kuandikisha kidole kulifanyika saa nne asubuhi hiyo hiyo. Korido ilijaa. Masharti alifika amenyoa ndevu. Alikitazama kile kioo chekundu, akatoa kidole kidogo cha kushoto, akakirudisha, akakitoa. Kilikuwa kimelowa jasho.

"Jaribu tena," ikasema mashine.

Hakuna aliyecheka. Miaka tisa tulimcheka kwa plasta yake na bahasha zake, lakini pale kila mtu aliona kwamba mtu huyu anatoa kitu alichokuwa tayari kupoteza kazi ili asikitoe.

"Jaribu tena."

Mama Deki alimsogelea, akamfuta kidole kwa pembe ya khanga yake. "Usikikaze, baba. Kiweke kama unagusa uso wa mtoto. Usiitazame. Mimi nikiitazama ndiyo inazidi."

Alikiweka, akageuza uso pembeni.

"Asante," ikasema mashine.

"Haya, kihesabu kama bado kipo," Mama Deki alimwambia, na hapo ndipo korido nzima ilipolipuka kwa kicheko, Masharti akiwamo, ingawa alicheka huku amekifumbata.

Mchana ule tulisahihisha siku kumi na tisa. Meneja alitia sahihi kumi na tisa. Mkataba wa Masharti uliandikwa upya, akausoma siku nne.

Jumatatu iliyofuata nililifungua daftari kwa ajili ya mtu mmoja. Saa mbili kasoro robo nikawa na watu kumi na moja mbele ya meza yangu, wote wakidai mashine haiwasomi. Mhasibu alikuwa ameshika kidole kama anayeumwa jino. Dereva alikuwa amevichovya vyake vyote kwenye grisi. Meneja alitoka, akaona, akashika kichwa. "Nilijua! Makao makuu wakisikia, daftari hili linakwenda na mimi nalifuata!"

Mama Deki, aliyekuwa amemaliza kutia saini, aliweka kalamu chini.

"Pangeni mstari," alisema. "Mikono mbele."

Wakapanga, sijui kwa nini. Alipita akiwakagua mmoja mmoja kwenye mwanga wa dirisha, akigeuza kila kidole kama anayechagua nyanya. "Wewe, mashineni. Wewe, mashineni. Wewe dereva, kanawe kwanza, halafu mashineni, na ukirudi na grisi kwenye sakafu yangu nitakunyoosha. Hiki kidole kimesugua nini maishani? Mashineni." Kumi waliondoka. Wa mwisho mstarini alikuwa Masharti, amenyoosha kidole chake kidogo, na usoni ana matumaini kama mtoto wa shule.

Mama Deki alikikagua muda mrefu kuliko vya wengine wote. Alikisogeza karibu na macho, akakigeuza huku na huku.

"Mistari yote ipo," alisema kwa upole. "Haya, baba. Mashineni."

Masharti alikwenda.